Injini Haijafa: Acheni Kuuza Pampu na Mashine za Kupukuchulia kwa Kilo



Leo sizungumzii nafasi ya kupandia mtama wala viwavijeshi. Nazungumzia fedha inayotutoka kila kiangazi bila kelele. Pita nyuma ya nyumba kwenye kijiji chochote chenye bustani za vitunguu, nyanya au zabibu, utaikuta pampu ya petroli imelala chini ya mti, kuku wanatagia pembeni. Nenda panapopukuchuliwa mahindi yanayopelekwa soko la Kibaigwa, utaikuta mashine imeng'olewa injini. Ukiuliza, jibu ni moja: "Imeisha kompresheni, imekufa." Baada ya wiki anapita kijana wa chuma chakavu na mizani yake.

Injini ndogo ya nguvu farasi 5.5, ile tunayoiona kila mahali, ina uzito wa kilo 15 hivi. Zidisha 15 kwa bei ya kilo ya chuma chakavu hapo kijijini kwako. Halafu kaulize dukani bei ya injini mpya. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo hasara yako, na mara nyingi umeipata kwa sababu ya gasketi moja, au skrubu ya tapeti ambayo ingerekebishwa kwa dakika 20 bila kununua kitu.

Nasema wazi: kuisha kompresheni ni dalili, si kifo. Ni kama homa. Ukiwa na homa huchimbiwi kaburi, unapimwa kwanza. Kinachoua injini zetu ni kutopima.

KOMPRESHENI NI NINI

Ndani ya silinda, pistoni inapopanda inabana mchanganyiko wa hewa na petroli mpaka unabaki kama sehemu moja ya nane au ya tisa ya ujazo wake wa mwanzo. Ukishabanwa hivyo, plagi inarusha cheche, mchanganyiko unawaka na kuisukuma pistoni chini. Pakiwa na mahali panapovuja, hakuna kilichobanwa, na kisichobanwa hakisukumi. Cheche itakuwepo, petroli itakuwepo, na bado utavuta kamba mpaka bega liume.

Hewa ile ina milango mitatu tu mikubwa ya kutorokea. Wa kwanza ni valvu mbili, ya kuingiza hewa na ya kutoa moshi. Wa pili ni gasketi kati ya kichwa cha injini na bloku. Wa tatu ni ringi za pistoni na ukuta wa silinda. Ongeza na plagi iliyolegea, ambayo inakazwa kwa mkono wako mwenyewe. Basi. Anayekwambia "imekufa" bila kukutajia mlango unaovuja hajapima. Amekisia, na anakutoza kwa kukisia kwake.

USIISINGIZIE KOMPRESHENI

Kabla ya kuilaumu, ondoa visingizio vingine. Angalia kiwango cha oili, maana baadhi ya injini hizi zina kinga inayokata cheche oili ikipungua. Mtu anavuta kamba siku nzima kumbe injini inajilinda. Angalia kama petroli inafika kwenye kabureta na kama plagi inarusha cheche. Fungua chujio la hewa uone kama halijaziba.

Kumbuka pia kwamba tunaishi juu. Dodoma mjini ni mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari, na injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Kwa hesabu hiyo hapa kwetu imekosa zaidi ya asilimia 12 hata ikiwa mpya kabisa. Aliyetoa pampu Dar es Salaam akaona hapa inasukuma maji kidogo, asikimbilie kufungua silinda. Hiyo ni hewa yetu nyepesi.

Kompresheni ikiwa imepungua kweli, injini yenyewe inasema:

- Kamba inavutika laini, haina ule ukinzani wa pistoni kupanda. (Nyingi zina kifaa cha kupunguza ukinzani wakati wa kuwasha, kwa hiyo vuta kwa nguvu na haraka. Ukivuta polepole utadanganyika.)
- Inawaka asubuhi ikiwa baridi, ikipata moto inazima, na haikubali mpaka ipoe. Hapo shuku tapeti zilizobana.
- Inapiga chafya na kurudisha petroli kwenye kabureta. Shuku valvu ya kuingiza hewa.
- Moshi wa bluu, oili inaisha haraka, chujio la hewa linalowa oili. Shuku ringi.
- Kuna alama nyeusi ya moshi au oili kwenye maungio ya kichwa na bloku. Shuku gasketi.

PIMA KWA MPANGILIO, ANZA NA KISICHO NA GHARAMA

Natumia vipimo vya Honda GX160, kwa sababu nyingi za injini za farasi 5.5 zinazouzwa kwetu zimeigwa kutoka hiyo. Yako ikiwa ya aina nyingine, fuata kitabu chake. Kanuni haibadiliki, hata kwa mashine za kukatia majani zinazonguruma kwenye bustani za ofisi kule Mji wa Serikali, Mtumba. Kabla ya yote, chomoa waya wa plagi, na usivute sigara karibu na petroli.

Kwanza, tapeti. Injini iwe baridi. Fungua boliti nne za kifuniko cha valvu. Zungusha injini mpaka pistoni iwe juu kabisa na valvu zote mbili ziwe zimefunga. Utajua kwa sababu mikono ya valvu yote miwili italegea kidogo. Ili kujua pistoni imefika juu, ingiza mrija wa soda kwenye tundu la plagi. Usiingize msumari. Sasa pima kwa fila geji: valvu ya kuingiza hewa milimita 0.15, ya kutoa moshi milimita 0.20. Kadiri kiti cha valvu kinavyolika, valvu inazama na nafasi hii inapungua. Ikiisha kabisa, valvu haifungi tena, na kompresheni inatoka yote. Legeza nati, rekebisha, kaza, pima tena. Injini nyingi zilizoitwa maiti hufufukia hapa, na gharama pekee ni fila geji.

Angalizo: juu ya shina la valvu ya kutoa moshi kuna kofia ndogo ya chuma. Ni rahisi kudondoka na kupotea mchangani. Bila hiyo tapeti hazitakaa sawa kamwe. Tandika kitambaa safi kabla hujafungua.

Pili, kijiko cha oili. Tapeti zikiwa sawa na kamba bado ni laini, toa plagi, mimina kijiko kimoja cha chai cha oili safi ndani ya silinda, zungusha mara chache, rudisha plagi, vuta kamba. Ikiwa nzito ghafla, oili imeziba nafasi kati ya ringi na silinda: tatizo liko huko. Isipobadilika, tatizo ni valvu au gasketi. Kijiko kimoja cha chai kinakuokoa usinunue pistoni na ringi ambazo huzihitaji.

Tatu, pampu ya baiskeli. Chukua plagi mbovu, toa kaure yake ya ndani, mpe mchomeleaji akuunganishie juu yake valvu ya tairi ya pikipiki. Hicho ni kipimo cha maisha. Pistoni ikiwa juu na valvu zimefunga kama mwanzo, kifunge kwenye tundu la plagi, mwenzako ashikilie gurudumu la injini lisizunguke, wewe pampu upepo usikilize. Mlio ukitoka kwenye kabureta, ni valvu ya kuingiza hewa. Kwenye bomba la moshi, ni valvu ya kutoa moshi. Kwenye tundu la kujazia oili, ni ringi au silinda. Paka povu la sabuni kwenye maungio ya kichwa: likitoa mapovu, ni gasketi. Hapo umeshajua mlango kabla hujafungua kichwa cha injini.

SASA NDIYO UNAFUNGUA

Ikiwa ni gasketi, usiweke mpya juu ya uso uliopinda. Weka kichwa juu ya kioo kinene na upime kwa fila geji pembezoni. Kupinda kusizidi milimita 0.10. Kilichopinda kidogo husawazishwa kwa msasa laini uliotandazwa juu ya kioo hicho hicho, ukizungusha mkono taratibu. Unaporudisha, kaza boliti nne kwa msalaba, kwa awamu mbili au tatu, hadi nyutoni mita 24. Kaza moja mpaka mwisho kabla ya nyingine, na utakuwa umepinda kichwa upya.

Ikiwa ni valvu, geuza kichwa, plagi ikiwa imefungwa, mimina mafuta ya taa kwenye kishimo chake na usubiri dakika tano. Yakipenya kuelekea upande wa kabureta au wa bomba la moshi, umeiona valvu mbovu kwa macho. Ikiwa haijaungua kingo wala kupinda, inasagwa kwenye kiti chake kwa pesti ya kusagia valvu mpaka upatikane mduara wa kijivu usiokatika. Halafu osha pesti yote. Yote! Pesti ile ni mchanga. Ikibaki, itakula silinda ndani ya siku chache. Na baada ya kusaga, lazima upime tapeti upya.

Ikiwa ni ringi, ziingize moja moja kwenye silinda bila pistoni na upime mwanya wa ncha zake. Ukizidi milimita 1, ringi imekwisha. Kabla ya kununua mpya, pitisha ukucha kwenye ukuta wa silinda. Ukucha ukikwama kwenye mikwaruzo, ringi mpya hazitakusaidia. Wapo mafundi wanaofunga ringi mpya kwenye silinda iliyochanika, wanapokea fedha, na mwezi haufiki moshi wa bluu umerudi. Hiyo siyo kazi. Ringi mpya zifungwe alama ikitazama juu, na mianya yake isikae mstari mmoja.

NA WASEMAO "NUNUA MPYA TU"?

Wanasema injini za Kichina zimekuwa rahisi, kwa nini tuhangaike. Nawajibu kwa haki. Kuna wakati wako sahihi. Konrodi ikikatika na kutoboa bloku, au silinda ikiwa imechanika sana na gharama ya kuichonga na pistoni kubwa inakaribia bei ya injini, basi nunua nyingine, na hiyo ya zamani ibakize uwe unaichuna spea. Sipiganii kila chuma kiokolewe.

Lakini injini mpya kwa mtu asiyebadilisha tabia ni hasara iliyoahirishwa. Iliyoua ya kwanza itaua ya pili. Na muuzaji anayekwambia "nunua mpya" bila kukuuliza kilichoua ya zamani anajua utarudi kwake msimu ujao.

Fikiria pia muda. Mvua yetu ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Baada ya hapo bustani inaishi kwa pampu. Kitunguu kinachojaza hakisubiri ukusanye fedha ya injini mpya. Wiki mbili bila maji jua la Septemba linamaliza shamba. Anayejua kupima anatengeneza kwa siku moja au mbili. Anayesubiri kununua anauza mbuzi, tena kwa bei ya shida.

NANI ANAZIUA?

Tusemane ukweli bila kukasirikiana.

Wa kwanza ni wewe mwenye mashine, unayetoa sponji ya chujio la hewa na kuitupa "ili injini ipumue vizuri". Vumbi la Dodoma ni mchanga. Kila pumzi ya injini hiyo inapeleka msasa kwenye ringi na valvu. Sponji inaoshwa kwa maji ya sabuni, inakaushwa, inalowekwa oili safi na kukamuliwa. La karatasi linagongwagongwa vumbi litoke, halioshwi. Kitabu kinasema safisha kila saa 50, na mapema zaidi penye vumbi. Panapopukuchuliwa mahindi, "mapema zaidi" maana yake kila siku.

Wa pili ni wewe mfanyabiashara unayezunguka na mashine ya kupukuchulia vijiji kwa vijiji. Oili ya injini hii inabadilishwa baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila saa 100. Unafanya kazi saa nane kwa siku? Basi saa 100 zinatimia kabla ya wiki mbili. Wewe unabadilisha mwisho wa msimu, wengine hamuibadilishi kabisa, mnaongeza tu. Injini inabeba oili lita 0.6, haifiki hata chupa ya lita moja. Kwa ajili ya kuokoa hiyo unapoteza injini nzima. Na pumba zilizoziba mapezi na feni ya kupoozea, nani atazitoa? Kichwa kikipata moto kupita kiasi kinapinda, gasketi inaungua, valvu inaungua. Dakika tano za brashi kila jioni zingetosha. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wa tatu ni fundi anayeanza kufungua kabla ya kuuliza na kupima. Najua mafundi wazuri, tena wengi. Nawazungumzia wale wanaokuja na spana, nyundo na jibu tayari. Fundi asiye na fila geji hajakamilika, kama vile mganga wa mifugo asiye na kipimajoto.

Wa nne ni mwenye duka anayeuza oili ya kupimwa kutoka kwenye dumu lisilo na jina. Hakuna anayejua kama ni oili mpya au ya gari iliyochujwa. Ndugu yangu mwenye duka, uza chupa yenye lakiri, jina na alama ya TBS, SAE 30 au 10W-30. Na weka rafuni gasketi, ringi, chujio, plagi na fila geji. Injini unamuuzia mtu mara moja kwa miaka kadhaa. Gasketi na oili utamuuzia kila msimu, naye atakusifu.

Wa tano ni sisi wa upande wa serikali na miradi. Mwaka 2009 Kilimo Kwanza ilipotangazwa, pawatila zilisambazwa wilayani. Nyingi ziliishia kusimama, maana mashine ilifika bila spea na bila mtu wa kuitunza. Hata leo kukabidhi pampu kunapigwa picha, lakini siku ya kufundisha tapeti haimo kwenye bajeti. Mashine iliyokabidhiwa bila mafunzo ni chuma chakavu kinachosubiri tarehe yake. Kikundi chochote kinachopewa mashine kidai mafunzo ya matengenezo kabla ya kusaini. Ni haki yenu. SIDO ipo tangu 1973, VETA wapo. Ombeni kupitia kata, tuandike barua, waje kijijini au muwapeleke vijana wawili.

FANYA HIVI WIKI HII

1. Funga daftari na kalamu kwenye mashine. Andika saa za kazi kila siku. Bila saa hujui lini ubadilishe oili.
2. Kikundi kinunue fila geji moja na kitengeneze kipimo kimoja cha plagi na pampu. Watu ishirini wanaweza kutumia hicho hicho.
3. Kama una injini "iliyokufa", usiiuze. Anza na tapeti, kisha kijiko cha oili, kisha upepo, kwa mpangilio huo.
4. Ukimpelekea fundi, mwulize swali moja: "Inavujia wapi?" Akishindwa kujibu, ichukue mashine yako uende kwa mwingine.
5. Ukikodisha mashine yako, weka kwenye makubaliano nani anabadilisha oili na kusafisha chujio, na lini.

Kijana wa chuma chakavu hana kosa, anatafuta riziki kama sisi. Ila asinunue kwako kitu ambacho hujakipima. Mwenye injini iliyolala aje nayo ofisi ya kata siku ya mnada, pamoja na fundi wake. Tutafungua kifuniko cha valvu mbele ya watu, tupime, kila mmoja aone kwa macho yake inavujia wapi.